Mwaka Chifu Alipokataa Loku

Tulipomzika Mzee Kamande mwezi uliopita, wanaume walikaa nyuma ya hema la chai wakabishana kuhusu gari. Si kuhusu marehemu, kuhusu gari. Mmoja alisema ni yeye aliyelegeza loku ya Chifu, gari la marehemu, tena kwa nyundo na kipande cha mbao. Mwingine akaapa kwamba nyundo ilikuwa yake, na kwamba kilicholegeza loku ni mafuta, si nyundo. Wa tatu, ambaye najua fika kwamba mwaka ule alikuwa shule ya bweni, alieleza alivyolala chini ya gari mchana kutwa mpaka mgongo ukashika. Mimi nilikuwa nikipita na birika nikiwamiminia, na hakuna aliyeniuliza kitu, ingawa Jumamosi baada ya Jumamosi ni mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye klachi, nikiulizwa kutoka chini, "Imeingia?" na kujibu, "Bado." Nilirudi jikoni nimenuna. Kisha nikatambua kwamba hata kama wangeniuliza nisingejua pa kuanzia, maana mwaka ule sikuuelewa nilipokuwa ndani yake, na sina hakika kama nauelewa leo.

Mambo ya nilikozaliwa na nilivyosomeshwa nayaacha, hayana utamu. Nianze na chumba. Ulikuwa mwaka ule matatu zilipopakwa mstari wa manjano na abiria tukalazimishwa kufunga mikanda. Nilikuwa mhazili katika ofisi moja ya bima katikati ya jiji, orofa ya juu, na jioni nilirudi Kinoo, kwenye chumba kimoja nilichoishi na mpenzi wangu Mbugua. Kitanda, stovu ya mafuta ya taa, pazia la maua lililotenganisha hivyo viwili, na dirisha lililotazama uani. Kila nilipofungua dirisha nilimwona Chifu. Chifu lilikuwa gari kuukuu la porini, rangi ya kaki ileile ya sare za machifu, na ndiyo maana likaitwa hivyo. Ploti, uwanja na gari vilikuwa vya Mzee Kamande, baba mdogo wa Mbugua, aliyemlea Mbugua tangu babake alipofariki. Maisha yake yote ya kazi Mzee alikuwa dereva wa mtafiti mmoja wa wanyama aliyekuwa akiishi Spring Valley. Mtafiti aliporudi kwao alimwachia dereva wake gari, na Mzee akalileta Kinoo akaliegesha uani mahali ambapo kila mpangaji angelazimika kulizunguka akienda chooni.

Mwezi wa Julai, baridi ya Kinoo ikiwa imetushika mpaka kwenye mifupa, nilijua nina mimba. Nikampigia mama simu, na mama hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Alisema, "Mwikali, mimi sina neno na huyo kijana. Lakini unajua mambo ya kwetu. Mbuzi wasipofika kabla ya mtoto, mtoto ni wa hapa. Hata jina tutampa sisi." Nilijua, ndiyo. Kwetu Ukambani kuna ntheo: mbuzi watatu ambao watu wa mwanamume huwapeleka nyumbani kwa mwanamke. Mpaka wafike, wewe ni mgeni katika nyumba ya huyo mwanamume, hata kama umemzalia kikosi cha mpira. Ukifa, unarudishwa kuzikwa kwa babako. Mbugua alipomweleza Mzee, Mzee aligonga meza mpaka vikombe vikaruka. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babake mume, na huyo baba alikuwa kaka yake Mzee, marehemu aliyekuwa bado hajapata wa kuitwa jina lake. "Hao mbuzi nitapeleka mimi mwenyewe," alisema. "Na Chifu."

Nilisema, kwa adabu zote, kwamba pale sokoni Kinoo kuna pickup zinazobeba kabeji, na kwamba yoyote kati yake ingetufikisha. Mzee aligeuza uso kuelekea kwangu, macho yake yakatua mahali fulani juu ya bega langu. "Mama, mimi nimeendesha mpaka Turkana. Nimevuka mito iko na mamba. Sasa nipelekwe kwa wakwe na gari ya kabeji?" Mbugua alicheka, nami nikacheka, mambo yakaishia hapo. Tena alikuwa na hoja. Kwetu ni Kilungu, vilimani, na kipande cha mwisho cha barabara ni udongo mwekundu uliosimama kama ngazi. Mvua ikinyesha, hata punda hufikiria mara mbili. Bila loku, Chifu angeteleza mpaka kwa jirani wa chini.

Na loku ndiyo iliyokuwa imekataa. Kando ya gia kubwa kulikuwa na kijiti kifupi chenye kirungu cheusi. Ukikisukuma kushoto, kinafunga difu ya katikati, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanazunguka kwa pamoja, na upande mmoja ukiteleza kwenye tope mwingine unavuta. Kwenye dashibodi taa ndogo ya manjano inawaka kukuambia imeingia. Lakini Chifu alikuwa amekaa miaka akienda kanisani na kurudi tu, na kijiti kile kilikuwa kimeganda. Nilikisukuma kwa mkono, kwa mikono miwili, kwa mguu, na kilinitazama tu. Jumamosi ya kwanza Mbugua alitandaza magunia chini ya gari akaingia na spana. Pamoja naye alikuwa Njoro, fundi wa gereji ya kando ya barabara, kijana aliyependa kuongea na chuma kuliko watu. Walichomoa pini inayounganisha kijiti na fimbo yake, na mara kijiti kikawa kinacheza huku na huku kama mwiko kwenye uji. Nikapiga kelele za furaha. "Tulia, mama," Njoro akasema kutoka chini. "Hiyo lever haina shida. Shida iko ndani, hii shafti imeshikwa na kutu."

Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na maoni. Njoro alisema tuiloweshe shafti kwa mafuta ya kutu, tuigonge polepole, tuwe na subira. Fundi mwingine aliyekuja kuazima jeki akatuambia tunapoteza wakati, boksi lote lishuke lifunguliwe. Mpangaji wa chumba cha kona, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, alisema huenda loku inaingia siku zote, ila swichi ya taa imekufa. Huyu ndiye aliyenichanganya kabisa, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama loku imeingia au la. Mimi niliambiwa nikanyage klachi, niachilie, nisogee mbele kidogo, nikate usukani, nirudi. Leseni nilikuwa nayo, kile kijitabu chekundu, tangu chuo cha uhazili, lakini sikuwa nimewahi kuendesha kitu kizito namna hiyo. Mzee alisimama mlangoni mwa gari akinielekeza. Mbugua hakuruhusiwa kushika usukani, kwa sababu mara pekee aliyojaribu alimwingiza Chifu kwenye ua wa jirani, na ua ulikuwa wa miiba. "Huyu agonge tu nyundo," Mzee alisema. "Usukani wachia Mwikali." Nilijisikia fahari, na pia nilishangaa. Kwa nini mimi? Mbona mzee huyu, aliyekuwa amebakisha kiburi cha udereva tu duniani, alinikabidhi mimi kiti chake tangu siku ya kwanza, wala hakukikalia tena?

Saa saba mchana kazi ilisimama tukala. Nakumbuka milo ile kuliko nyundo. Sebule ya Mzee ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, redio juu ya kabati, na harufu ya sabuni ya kipande. Siku nyingine ni githeri ya mahindi na maharagwe, siku nyingine nilipika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na hapo Mzee hakuniacha salama. "Wakamba mmekosa kazi. Mahindi imekuja na koti yake, nyinyi mnavua!" Alikula yote na kuongeza. Alikuwa na mazoea ya kushika ukingo wa sahani kwa mkono wa kushoto muda wote, na chai alitaka awekewe kikombe mkononi. "Nipe hapa, mama," na kiganja kinafunguka, kinangoja. Nilidhani ni ule ukubwa wa wazee wanaopenda kuhudumiwa. Ilinikera kidogo, lakini nilimpenda, na nilidhani ananipenda.

Mwezi wa Septemba walinituma nikanunue swichi ya taa ya loku Kirinyaga Road, kwa sababu ofisi yangu haikuwa mbali na nilikuwa na saa ya chakula cha mchana. Niliingia duka moja nikatoka, la pili nikatoka, kila muuzaji akiniuliza mwaka wa gari na mimi nikijibu, "Ni la kaki." Mwishowe nikaipata, kitu kidogo chenye uzi wa skrubu, nikaitia mkobani nikarudi kupitia barabara za katikati, wachuuzi wakipaza sauti za soksi na vifuniko vya simu, spika ya duka la kanda ikinguruma. Hapo nikamwona Mzee Kamande. Alikuwa akishuka ngazi za jengo moja, koti lake la Jumapili, kofia, mkono kwenye ukuta. Nilifurahi kumwona mjini, mtu wa nyumbani. Nikasimama mbele yake kabisa nikasema, "Habari, Mzee!" Akanitazama usoni. Si pembeni, usoni. "Mzuri, mama," akajibu, kama anavyomjibu yeyote, akanipita, bega lake likanigusa, akaenda zake.

Nilisimama pale mpaka mchuuzi akaniuliza kama nanunua au nazuia watu. Nilirudi ofisini nikapiga taipu barua moja mara nne. Nyumbani mtu huyu alinitania, alikula chakula changu, aliniita mama. Mjini, mbele ya watu, hakutaka kunijua. Na jioni, nilipofika Kinoo nimejiandaa kununa, alinikuta kwenye bomba la maji akaniuliza, "Mwikali? Mtoto amekula leo?" kwa sauti ya upole mpaka nikashindwa kununa vizuri. Sikumwambia Mbugua. Ningesema nini? Kwamba baba yake mdogo ana nyuso mbili? Nilianza kukumbuka mambo: macho yanayotua juu ya bega langu, kama mtu asiyetaka kukutazama. Nikajiambia, ni Ukamba wangu. Anamfurahisha Mbugua tu, lakini mbuzi hana nia ya kuwapeleka.

Chini ya gari kazi iliendelea. Njoro aliilowesha shafti kwa mafuta kila jioni akipita kwenda kwake, na Jumamosi waliigonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao ili wasiivunje, kisha wakaishika kwa spana wakaizungusha unywele mmoja huku, unywele mmoja kule. Kutu ilitoka nyekundu kama ugoro. Wakaipangusa, wakapaka grisi, wakarudia. Swichi mpya ikafungwa. "Inakaribia," Mbugua alisema kila Jumamosi, nami niliitikia huku tumbo langu likigusa usukani. Mama alipiga simu. "Mbuzi wako njiani?" Nilimwambia gari bado halijawa tayari. "Gari," mama akasema kwa namna ambayo sikuipenda.

Kisha nikasikia nisichopaswa kusikia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi mwezi wa Oktoba, Mbugua ameenda kununua mkate, nami niko dirishani nikichagua maharagwe. Nje, Mzee na Njoro walisimama kando ya Chifu. "Lakini Mzee, hii kitu iko sawa," Njoro alisema. "Tangu juzi. Inaingia, inatoka, taa inawaka." Mzee akajibu polepole, "Wakikuuliza, sema bado." Njoro akauliza, "Mpaka lini?" Mzee akasema, "Mpaka nikuambie." Na saa ile Mbugua akarudi na mkate, akauliza, "Vipi, imekubali?" Njoro akainama akachukua spana yake. "Bado, boss."

Niliumia. Sijui neno jingine. Maharagwe yalinimwagikia mapajani nikayaacha. Mbugua alipoingia nikamweleza nilichosikia, kila neno. Alikuwa akisugua grisi kwenye kucha kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Hakuinua kichwa. "Wazee wana mambo yao," akasema. "Si ungoje tu." Nimemuuliza tangu siku hiyo, tena na tena, kama alijua. Siku moja husema hakujua chochote, siku nyingine hutabasamu akasema mtu aliyelelewa na mtu hawezi kukosa kujua. Tumeoana miaka yote hii na bado sijui ni jibu lipi la kweli. Wakati ule niliona wanaume watatu wamenizunguka, kila mmoja ana siri, na mimi ndiye niliyebeba mtoto ambaye siri hiyo ingemwachia jina la ukoo mwingine.

Jumapili yake nilisema naumwa mgongo, nikabaki wengine walipoenda kanisani. Niliingia ndani ya Chifu. Ufunguo ulikuwa mahali pake chini ya kiti. Nikawasha, nikasogea mbele taratibu, nikasukuma kijiti kushoto. Kilisita kidogo, kikaingia. Taa ya manjano ikawaka. Nililia, kisha nikakasirika kwamba nimelia. Ghafla mlango wa abiria ukafunguka na Mzee Kamande akapanda, akiwa na sweta ya nyumbani, akapapasa kiti kabla ya kukaa. Kumbe naye alibaki. Hakuniuliza ninafanya nini. "Twende," akasema. "Teremka na ile ya murram."

Barabara ya murram, isiyo na lami, ilikuwa kavu na ngumu. Nilikuwa na mengi ya kusema lakini usukani ulinielemea, mzito ajabu, na kila kona gari liliruka kama limekanyaga jiwe. Mzee alikuwa ametulia, viganja juu ya magoti. "Loku bado iko ndani," akasema. "Chini ni kavu, magurudumu yanagombana."

"Umejuaje, na hujaangalia taa?"

"Kwa makalio, mama."

Nikavuta kijiti kukitoa. Kikakataa. Nikavuta kwa nguvu, na hasira zangu zote za tangu Septemba zikaingia kwenye mkono ule. Mzee akaweka kiganja juu ya ngumi yangu. "Usishindane nayo. Hii imejikaza. Simama. Sasa rudi nyuma, pole pole, kata usukani kidogo. Endelea. Sasa." Kitu kikalia tk chini ya miguu yetu, kijiti kikarudi chenyewe, taa ikazimika. Nikazima injini hapo hapo, katikati ya barabara, nikamgeukia.

"Mzee, kama hunitaki, sema. Nilikusalimia mjini ukanipita. Nimekusikia na Njoro. Usinizungushe na gari."

Aliinua kidevu kuelekea barabarani. Kisha akasema, "Hapo mbele kuna nini?"

"Ng'ombe wawili. Na mtu anawafuata."

"Mimi naona maziwa," akasema. "Ni kama mtu amemwagia kioo maziwa. Ng'ombe sioni. Mtu sioni." Akavua kofia, akaiweka magotini. "Siku gani hiyo ya mjini?"

Nikamwambia.

"Nilikuwa nimetoka kwa daktari wa macho. Ulikuwa umevaa nini?"

"Sweta ya kijani."

"Niliona kijani," akasema. "Nilisikia mtu ananiita Mzee. Tao kila mtu anaitwa Mzee."

Alieleza kwa vipande, akisimama kila baada ya maneno machache. Ukungu ulianza zamani kidogo, akadhani ni vumbi. Alipotoa ahadi ya mbuzi bado aliona barabara. Kisha kila Jumamosi akaona kidogo kuliko ile iliyopita, na akagundua kwamba siku loku itakapofunguka itabidi aendeshe. Aliomba igande. "Nimeomba Mungu kutu iongezeke," akasema, akacheka bila furaha. "Mimi nilikuwa dereva. Hakuna kitu kingine nilikuwa. Na mtu anaenda kuomba msichana kwa watu hawezi fika akivutwa kama hao mbuzi. Watasema mtoto wetu tumempa watu hawaoni."

"Ungesema tu, Mzee."

"Ningeambia nani? Mbugua? Nimemlea huyo nikimwambia mwanaume anaangalia mbele."

Kwa hiyo ndiyo sababu nilikaa kwenye kile kiti tangu mwanzo. Au labda siyo; labda kweli ni kwa ajili ya ule ua wa miiba. Sikumuuliza, na sasa amekwenda. Nilichosema ni kwamba nitaendesha mimi. Akasema haiwezekani, bibi harusi hawezi kupeleka mbuzi zake mwenyewe. Nikasema tutasema ni mgongo wake. Akasema kwenu watacheka. Nikasema kwetu huwa wanacheka hata bila sababu. Ng'ombe wakatupita, mchungaji akatutazama, mwanamke mjamzito na mzee wamekaa ndani ya gari lililozimwa katikati ya barabara, wote wawili wanafuta macho.

Tuliondoka Jumamosi moja ya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza. Mzee alikuwa mbele na mimi, amevaa koti la Jumapili. Mbugua nyuma na mbuzi, shati jeupe lililopigwa pasi na harufu ambayo haikupigwa pasi. Tulikata jiji mapema. Kwenye mzunguko wa barabara mbuzi mmoja alitoa kichwa dirishani akamlilia askari wa trafiki, na askari akatupungia mkono tupite kabla ya wote. Njia nzima Mzee aliniambia gia kwa kusikiliza injini: "Punguza. Hapo. Sasa mpe." Tulipofika chini ya kilima cha kwetu, mvua ilikuwa imepita muda mfupi uliopita na udongo uling'aa kama umepakwa mafuta. Juu, kati ya migomba, niliona moshi wa jikoni kwa mama. Nikasimamisha gari.

"Tumefika chini?" Mzee akauliza.

"Tumefika."

"Basi nipe."

Nilitaka kukataa. Nilimwangalia Mbugua kupitia kioo, lakini alikuwa akiwashika mbuzi. Ikanijia kwamba barabara yote ni nyekundu na shati lake ni jeupe. Nikamwambia, "Shuka utembee mbele, utuangalizie mitaro." Alilalamika kuhusu viatu vyake, akashuka. Nikasukuma kijiti kushoto, nikasogea mpaka taa ikawaka, nikampisha Mzee kiti. Alishika usukani kama mtu anayeshika mkono wa mtu wake. "Naona nyeupe. Niambie tu kama anaenda katikati," akasema. Nilimwambia anaenda katikati. Na kweli, Mbugua, ambaye sikumwambia lolote, alipanda kilima kile chote katikati kabisa ya barabara, hakukanyaga pembeni hata mara moja, akigeuka kila hatua chache kutazama nyuma.

Mimi sikuwaona wakifika. Karibu na kilele nilishuka garini nikapita njia ya mguu kwenye mahindi, nimeshika tumbo, kwa sababu ilikuwa lazima mbuzi wanikute nyumbani. Nilisikia Chifu akiunguruma, akisita, nikasimama bila kupumua, kisha magurudumu yote yakavuta pamoja na sauti ikapanda. Niliingia jikoni kwa nyuma. Mama alikuwa akipuliza moto. Alitazama miguu yangu yenye tope mpaka magotini, akatazama mikono yangu yenye grisi. "Nawa," akasema. "Wageni wako bado hawajakuona." Kisha akajifuta mikono kwenye leso akatoka nje.

Niliona yote kupitia mwanya wa ukuta. Vigelegele vililia. Mzee Kamande alishuka garini mwenyewe, akasimama wima, akaondoa kofia, akanyoosha mkono kusalimia. Aliunyoosha kuelekea mlingoti wa kamba ya nguo. Mama alikuwa upande wa pili. Hakusita hata kidogo. Alizunguka, akajiweka mbele ya ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, na hakuuachilia. Alimwuliza habari za Kinoo, habari za mvua, habari za mashamba, huku akitembea naye taratibu, mkono mkononi, mpaka kwenye kiti cha heshima, na hakumwachia mpaka alipohakikisha amekaa. Wajomba zangu walishangaa. Mbugua naye alipokea mkono wa mjomba aliyekuwa karibu akaushika vivyo hivyo mpaka kitini, akidhani ndivyo inavyofanywa.

Mbuzi walipokelewa. Mtoto alizaliwa mwanamume akaitwa jina lililokuwa likingojwa. Na watu wa Kinoo wanaamini mpaka leo kwamba Wakamba, ukiwaheshimu, unawashika mkono kutoka langoni hadi kitini. Mama amezeeka sasa. Kila anapokuja kwetu Kinoo, shemeji zangu hukimbilia lango, wanagombania mkono wake, wanamwongoza polepole, wakimwonyesha kila jiwe. Macho yake ni mazima. Bado anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Hajawahi kuwaambia. Anawapa mkono, anapunguza mwendo, anaongozwa.